ELIMU YA NYUMBANI: Wavu wa kuopolea kwa mtu anayevua peke yake

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kutunza mbegu za mboga. Mwezi huu tunakwenda ziwani.

Najua wengine mtacheka. Mtasema: "Mwalimu, ziwa liko wapi hapa? Sisi samaki tunamwona sokoni tu, amekauka kama kuni." Ni kweli. Hapa kambini tuko mbali na maji, na kutoka bila kibali haturuhusiwi. Watoto wengi ninaowafundisha wamezaliwa hapa. Siku moja nilichora mtumbwi ubaoni, mtoto mmoja akauliza kama ni ndizi. Darasa zima likacheka, lakini mimi moyoni niliumia. Babu yake yule mtoto alikuwa mvuvi wa Tanganyika.

Basi hiyo ni sababu ya kwanza ya kuandika haya. Sababu ya pili ni mdogo wangu.

BARUA YA SAUTI KUTOKA ZIWANI

Baba mdogo na familia yake walirudi Kongo kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, katika ile miaka ya kurudishwa kwa hiari iliyoanza 2005. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka tu mabegi na mama akilia. Baadaye walihama kutoka Baraka, wakashuka kusini upande wa Kalemie, na huko mtoto wa baba mdogo akakua na kuwa mvuvi. Sijamwona tangu siku ile, tunaongea kwa simu tu, tena simu ya jirani.

Miezi michache iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti. Nausikia bado. Alisema hivi: "Kaka mwalimu, mwezi huu nimepoteza masangala mawili, yote mawili pale pembeni ya mtumbwi. Nayaona kwa macho, nanyoosha mkono, yanakwenda. Lile la pili lilinivuta mpaka maji ikaingia. Ngafi ilikwenda na maji, nikarudi kwa mikono. Wewe umesoma, niambie ninunue wavu gani. Pesa iko ya wavu moja tu."

Wapendwa, huyu kijana zamani alivua na wenzake watatu. Mmoja alikwenda machimboni, mwingine alihama na familia yake, na mwenye mtumbwi mkubwa akauuza. Sasa ana mtumbwi mdogo wa mti, wa mtu mmoja, mshipi na ndoano zake, na watoto wawili wanaotakiwa shule. Sangala mmoja mzuri kwake ni madaftari na sabuni ya mwezi. Kwa hiyo swali lake halikuwa dogo. Nami kusema ukweli sikuwa na jibu. Nimesoma sekondari, lakini samaki mzima mwenye kuruka sijawahi kumshika.

Nikafanya kile ambacho kila mtoto wa kambini anaweza kufanya. Nikaenda kuuliza wazee.

WAZEE WAWILI, MAJIBU MAWILI

Nilianza na babu jirani yetu, ambaye alivua tangu ujana wake. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza. Akasema bila kufikiri: "Mpini mrefu! Mwambie atafute mwanzi mrefu na mfuko mkubwa. Samaki ukimfikia mbali, hana pa kwenda."

Akanieleza habari za lusenga. Watoto, sikilizeni, maana hii ni historia yenu. Zamani, kabla ya taa za karabai na kabla ya taa za sola, wavuvi wa Tanganyika waliwasha moto wa kuni mbele ya mtumbwi usiku usio na mwezi. Dagaa wanafuata mwanga. Wakishajaa, mtu anazamisha lusenga, yaani wavu wa mfuko mrefu wenye pete na mpini mrefu, anachota dagaa kama mtu anayechota uji kwa upawa. Babu alisimama akanionyesha kwa fimbo yake, na nikaona kweli mikono yake bado inakumbuka.

Halafu nikaenda kwa mzee mwingine, ambaye yeye alikuwa wa mshipi na ndoano. Nikamwambia maneno ya babu. Akatikisa kichwa. Akaniuliza: "Kwenye lusenga walikuwa watu wangapi?" Nikasema sijui. Akasema: "Walikuwa wengi. Huyu anashika moto, wale wanapiga kasia, yule anashika wavu, na wengine wanakaa upande wa pili mtumbwi usipinduke. Sasa huyu mdogo wako nani anamkalia upande wa pili? Mwalimu, mutu akiwa pekee yake, mukono ni moja tu. Ule mwingine uko na mshipi."

Hapo nikaelewa. Babu hakukosea, na mzee wa pili hakumpinga. Babu alikuwa anajibu kwa ajili ya kundi, na mdogo wangu hana kundi. Mambo mengi tuliyoachiwa na wazazi wetu yalikuwa ya watu wengi pamoja, na sisi leo wengi tunayafanya peke yetu, kwa sababu wenzetu wametawanyika. Ukichukua chombo cha kundi ukampa mtu mmoja, kinaweza kumuua.

Basi neno lenyewe la mwezi huu ni hili: ukiwa peke yako, chagua wavu kwa kupima mkono wako mmoja, usiuchague kwa kumtazama samaki unayemtamani. Wavu mzuri ni ule unaokuacha ukiwa umekaa chini.

MPINI

Tuanze na mpini, maana ndiyo unaodanganya watu wengi.

Wanafunzi wa darasa la sita mnakumbuka somo la nyenzo. Kitu kizito kikiwa mbali na mkono, kinakuwa kama kizito zaidi. Tupige hesabu. Mdogo wangu amekaa, anashika mpini kwa mkono mmoja, na nyuma ya kiganja mpini umelala chini ya mkono wake mpaka karibu na kiwiko, sentimita 30. Samaki ana kilo 3, na yuko sentimita 120 mbele ya kiganja. Kiwiko kinatakiwa kugandamiza kwa nguvu ya kilo ngapi? 3 mara 120 gawanya kwa 30, jibu ni 12. Na kiganja kinabeba zote, 12 na 3, yaani 15. Hapo bado mpini wenyewe na maji yaliyomo wavuni. Mkono utashindwa, na kabla haujashindwa mtu ataegemea mbele, na mtumbwi utalala.

Sasa sogeza mkono mpaka samaki awe sentimita 40 tu. 3 mara 40 gawanya kwa 30, ni 4. Hiyo mtu anaiweza.

Kwa hiyo kwa mtumbwi mdogo ambao ukingo wake uko karibu na maji, mpini usizidi sana urefu wa mkono wako, kutoka begani mpaka ncha za vidole. Mzee alipima hivi: kaa chini kama ulivyokaa mtumbwini, shika mwisho wa mpini, na pete yote izame majini bila bega lako kuvuka ukingo. Ikizama, mpini unatosha. Ukiongeza zaidi ya hapo unaongeza taabu, na mtumbwini utakuwa unakukwaza miguuni.

Mti wa mpini uwe mwepesi na wenye kuelea. Mwanzi mkavu ni mzuri kwa sababu vyumba vyake vina hewa ndani. Bomba la chuma likikuponyoka, umeliaga. Kama huna mwanzi, funga chupa ndogo ya plastiki yenye kifuniko juu ya mpini, ili wavu ukianguka uelee.

PETE

Pete ndiyo mlango. Mlango ukiwa mdogo, samaki anagonga kichwa na ndoano inachomoka. Ukiwa mkubwa mno, wavu unakuwa mzito na maji yanausukuma.

Mzee alinipa kipimo cha theluthi mbili. Fikiria samaki unayempata kawaida, si yule wa hadithi. Gawanya urefu wake mara tatu, chukua mafungu mawili, huo ndio upana wa pete. Kwa sangala au kuhe wa sentimita 60, pete ya sentimita 40 inatosha, maana samaki anaingia kwa kichwa, halafu anajikunja. Kwa mikeke, wale ambao hapa Kigoma wanaitwa migebuka, hata ndogo zaidi inafaa.

Lingi ya baiskeli ya mtoto, ile ya inchi 20, ina upana wa karibu sentimita 40. Wengi wanaitumia na ni nzuri kama si nzito. Lingi ya baiskeli kubwa ya inchi 28 inazidi sentimita 60, hiyo ni ya watu wawili. Anayejua kukunja, achukue fito mbichi, aikunje ikiwa na maji yake, aifunge na kuiacha ikauke mahali penye kivuli. Waya wa nyumba usitumie, unajipinda samaki akiwa ndani.

Angalia sana pale pete inapokutana na mpini. Wavu mwingi unavunjika hapo. Fundi akichomelea, mwambie aweke mikono miwili kama herufi V. Ukifunga kwa kamba, toboa mpini, pitisha, kaza, halafu mwaga maji juu ya fundo na ukaze tena.

MFUKO NA MACHO YAKE

Hapa nilimwuliza mama mmoja anayeuza dagaa sokoni kwetu. Yeye zamani alikuwa fundi wa kushona nyavu, na wanaume walikuwa wanapanga foleni kwake. Alisema kina cha mfuko kilingane na upana wa pete au kizidi kidogo. Sababu ni hii: samaki akishaingia, unageuza pete kidogo na mfuko unajifunga wenyewe kwa uzito wa samaki. Mfuko mfupi, samaki anaruka nje. Mfuko mrefu sana unanasa kwenye kasia, kwenye ndoano, kwenye goti lako, na wewe huna mtu wa kukunasua.

Macho ya wavu yapitishe vidole viwili. Yakiwa makubwa, samaki anaingiza kichwa, anakwama nusu ndani nusu nje, na anakata nyuzi. Yakiwa madogo sana, wavu unabeba maji. Na ukivua gogogo na kambare, jua miiba yao ya pembeni inanasa kwenye uzi mwembamba, utakaa nusu saa unafungua. Uzi mnene uliosokotwa ni bora kuliko ule mwembamba wa mshipi.

CHANDARUA HAPANA

Hapa naomba tuongee kwa uwazi, maana ndipo mdogo wangu alipotaka kufia.

Alipokuwa anasubiri jibu langu, hakuvumilia. Alichukua chandarua cha watoto, akakifunga kwenye fito ndefu. Siku ya kwanza akapata samaki, akazamisha, akamwingiza. Kumbe chandarua macho yake ni madogo mno, maji hayatoki. Badala ya kilo tatu za samaki anavuta ndoo nzima ya maji. Upepo ukawa unasukuma mtumbwi huku, na chandarua chini ya maji kinavuta kule, kama tanga lililogeuzwa. Ukingo ukashuka. Akaachia vyote, mshipi, fito, chandarua na samaki. Hilo ndilo lililomwokoa, kuachia.

Na usiku watoto wake wawili wakalala bila chandarua.

Wazazi, nasi hapa kambini tunajua vyandarua vinakofika. Vingine vinafunga kuku, vingine vinazungushia bustani. Sitaki kumhukumu mtu, mgao unajulikana na shida zinajulikana. Lakini kwa uvuvi tuseme wazi: dawa iliyomo kwenye chandarua inaua samaki, macho yake yanazoa hata watoto wa samaki wa juzi, na hapa Tanzania kuvua nacho ni marufuku. Na malaria haisubiri.

JINSI YA KUUTUMIA UKIWA PEKE YAKO

Wavu mzuri bila mwenendo mzuri haufai kitu. Mzee wa mshipi alinipangia hivi, nami nimeandika kama alivyosema.

1. Kaa katikati, chini, magoti yakigusa mbavu za mtumbwi. Usisimame, hata samaki awe mkubwa namna gani.

2. Kabla ya kushusha mshipi, wavu uwe tayari upande wa mkono usioshika mshipi. Usiuweke nyuma yako.

3. Mchoshe samaki kwanza. Akikimbia, mwachie mshipi, akipumzika, vuta. Samaki anayekuja kwa ubavu amechoka. Anayekuja na kichwa chini bado ana safari moja.

4. Usizungushe mshipi mkononi wala kuufunga mguuni. Samaki mkubwa akienda, ataondoka na wewe. Ukitaka kupumzisha mkono, ukanyage kwa mguu, maana mguu unaachia.

5. Zamisha wavu kwanza, utulie, halafu mlete samaki juu yake. Wavu usimfukuze samaki. Na usimguse mkiani, akiguswa mkia anapata nguvu mpya. Aingie kwa kichwa.

6. Akishaingia, usimnyanyue kwa mpini. Mvute wavu majini mpaka ufike ubavuni mwako, mtumbwi bado umebeba uzito wako tu, maana samaki akiwa majini si mzito. Halafu sogeza mkono, shika pete yenyewe, umpandishe taratibu kwa kumtelezesha ukingoni.

7. Wavu ufungwe kwenye mtumbwi kwa kamba fupi, fundo la kuvuta mara moja likaachia. Kisu kikae mahali mkono unafika bila kutazama.

8. Ukiona maji yanaingia, kata. Kata mshipi, achia wavu.

Hiyo ya nane mzee aliirudia mara mbili. Alisema katika maisha yake aliwazika vijana watatu ambao wangeishi kama wangefungua mkono.

Mimi naongeza mambo machache ambayo hata sisi tusio wavuvi tunayaelewa. Kama huna jaketi la kuokolea, funga karibu yako dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri. Linaweza kubeba mtu asizame, ukilikumbatia. Beba kopo la kuchotea maji. Mwambie mtu wa nchi kavu unakwenda upande gani na utarudi saa ngapi. Na kumbuka kwamba kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu Tanganyika. Mtumbwi wa mtu mmoja wakati huo ukae karibu na ufuko.

Tena kabla ya kushusha mtumbwi uliza kwanza kama uvuvi umefunguliwa. Mwaka 2024, kwa mfano, Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Ziwa lile ni la nchi nne, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Samaki haonyeshi kitambulisho mpakani, kwa hiyo anayemaliza upande huu anamnyima na ndugu yake wa upande ule.

JARIBIO LA KUFANYA NYUMBANI

Baba, mama, si lazima uwe na ziwa. Chukueni fimbo ndefu na fimbo fupi. Fungeni kwenye ncha ya kila moja mfuko wenye mchanga wa kilo 3. Kila mtoto mkubwa akae chini, miguu imenyooka, mkono mmoja nyuma ya mgongo kana kwamba umeshika mshipi. Ajaribu kunyanyua fimbo ndefu kwa kushika mwisho wake. Muangalie mabega yake yatakavyokwenda. Halafu ajaribu ile fupi. Halafu ajaribu kuvuta kwanza, ndipo anyanyue.

Nilifanya hivi darasani kwangu. Mvulana mmoja mwenye nguvu, anayejulikana kwa mpira, alianguka kifudifudi na fimbo ndefu. Msichana mdogo aliyevuta kwanza akanyanyua bila shida. Mwanzoni walicheka, lakini baadaye wakaanza kuuliza maswali juu ya babu zao: alivua wapi, alivua nini, alitumia nyavu gani. Siku hiyo kengele ililia na hakuna aliyetoka. Wazazi, hayo maswali yanakuja kwenu. Tafadhali msiwaambie watoto "hayo ya zamani achana nayo". Waelezeni.

MDOGO WANGU SASA

Nilimtumia majibu yote kwa sauti, kidogo kidogo, maana vocha haikutosha siku moja. Ile pesa ya wavu mmoja hakuipeleka dukani. Alinunua uzi mnene, akapata lingi ya baiskeli ndogo kwa fundi, akakata mwanzi, na mke wake akashona mfuko kwa kufuata maelezo ya mama wa sokoni kwetu. Pesa iliyobaki walinunua chandarua kingine.

Wiki iliyopita akanipigia. Nikamwuliza haraka: "Umepata?" Akasema: "Kaka, sangala moja imeingia vizuri, tumeuza. Ingine ilikuwa kubwa kupita wavu. Nikaiangalia, nikakata."

Nikanyamaza kidogo. Nikamwuliza: "Uliumia?" Akasema: "Niliumia sana. Lakini nilikuwa nimekaa."

Nilikwenda kumpa mzee wa mshipi habari hiyo. Alikuwa anaota jua mlangoni. Akaomba nirudie maneno ya mwisho, nikarudia. Akasema tu, "Huyo atazeeka," akaniomba nimsaidie kubeba maji yake kutoka bombani.

Wapendwa, wengi wetu tunavua peke yetu sasa, hata hapa nchi kavu. Mama analea peke yake, kijana anatafuta peke yake, mzee anabaki peke yake. Kila mmoja atafute wavu unaolingana na mkono wake. Na mwenye kujua alichojua baba yake asiondoke nacho, amwachie mtoto.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Katika familia yetu nani alikuwa mvuvi, na alivua kwa njia gani?
2. Kazi gani zamani tulizifanya kwa kundi, na leo tunazifanya peke yetu? Tumebadilisha vifaa vyetu?
3. Samaki ana kilo 2, yuko sentimita 90 mbele ya kiganja, kiwiko kiko sentimita 30 nyuma yake. Kiwiko kinagandamiza kilo ngapi, na kiganja kinabeba ngapi? (Majibu mwezi ujao. Wazazi msiwasaidie.)

Mzee au mama yeyote mwenye maneno ya zamani juu ya ziwa, naomba anifuate shuleni baada ya masomo ya mchana. Nina daftari jipya na nimeanza kuandika. Hadi mwezi ujao, tutunzane.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.